Kitanda cha Bi Nicanora

Katika mtaa wetu wa wafumaji, hapa San Jacinto, kitanda ni kimoja tu, na hakuna anayekilalia. Ni cha Bi Nicanora. Kimekaa sebuleni kwake, juu yake kumerundikwa machela za kulalia alizofuma ili auze, nyekundu na njano na kijani. Usiku mwenyewe hutundika machela yake kutoka nguzo hadi nguzo, pembeni ya kitanda hicho hicho, akalala akining'inia kama sisi wote. Mtu unajiuliza. Mimi nilijiuliza miaka mingi kabla sijakihitaji.

Wengine walisema kuna mume aliyefia juu yake. Farides, anayekaanga maandazi ya mahindi pale kona, aliapa kwamba alikilalia askofu mmoja aliyepita zamani, na ndiyo maana hakifai mwili wa mtu wa kawaida. Ni kitanda kidogo, cha mtoto, cha mbao ngumu nzito kupita umbo lake. Kichwani wamechongwa kasuku wawili, mmoja amevunjika mdomo. Sikuelewa askofu gani angeenea humo.

Mwenyewe ni mwanamke mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyopinda kwa kufuma. Hukaa mbele ya fremu yake tangu jua likiwa changa, anapitisha uzi, anaupiga kwa ubao, anapitisha tena. Ukimsalimia anaitika bila kugeuka. Ukimsimulia ubaya wa mumeo, anasikiliza mpaka mwisho, kisha anakuomba umsogezee uzi wa bluu. Nilimsimulia wangu mara nyingi, na uzi nilisogeza sana.

Kazi ya kitanda inajulikana na kila aliyewahi kuachwa. Mume na mke wakifikishana mahakamani kugombea mtoto, hakimu humtuma mtu wa ustawi wa jamii aje kutazama nyumba zote mbili. Mtu huyo, madam tunavyomwita, hutoka huko juu milimani, kwenye baridi, ambako machela ni kitu cha likizo. Akiingia tu anauliza, mtoto analala wapi? Ukimwonyesha machela, anakaza midomo na kuandika. Kwa hiyo kabla hajafika, unakwenda kwa Bi Nicanora.

Halipishi. Haulizi nani kakosa. Ana sharti moja: unakifuata mwenyewe kule kiliko, unakibeba kwa mabega yako, na anayemzuia mwenzake asikichukue hapewi tena.

Eberto aliniacha kwa ajili ya muuza tiketi za bahati nasibu, mwanamke ambaye hata yeye mwenyewe hajawahi kushinda. Akaomba talaka, nikasema chukua. Hakimu alipomwambia atoe matunzo ya binti yetu Yaneris kila mwezi, ndipo siku hiyo hiyo akakumbuka kwamba anampenda mwanawe. Akafungua kesi akitaka mtoto akae kwake, kwa mama yake, Bi Otilia. Miaka saba hakuwahi kumfunga hata kiatu. Mtoto akikaa kwake, matunzo yanakufa. Hesabu hiyo hata mimi ambaye sikukanyaga shule niliiweza.

Nikaenda kwa Bi Nicanora.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Madam anakuja lini?"

Sikuwa hata nimetaja kitanda. "Jumanne."

"Basi njoo Jumatatu. Una wa kukushikia upande wa pili?"

"Dada yangu."

"Haya. Godoro lianike juani. Lina vumbi la talaka za watu."

Tulilianika kutwa, halikusaidia. Yane alipolikalia tu alianza kukohoa kile kikohozi chake kikavu. Ana kifua tangu azaliwe. Kulala chali kwenye godoro kunambana. Kwenye machela kichwa kinakuwa juu, na upepo unapita chini yake. Nilimwambia akae pembezoni mwa kitanda mpaka mgeni aondoke, asiegemee.

Madam alikuwa msichana mwenye miwani, mashavu mekundu kwa joto letu. Alitazama jiko, choo, kabati. Akafika kwenye kitanda.

"Analala hapa?"

"Hapa, madam."

Akaandika, akashukuru, akaenda. Nikaona nimeshinda.

Jioni ile ile nikasikia hodi. Eberto, kofia mkononi.

"Luz, nimefuata kitanda."

"Kitanda gani?"

"Cha Bi Nicanora. Madam anakuja kwa mama Alhamisi."

"Nani kakwambia kiko hapa?"

"Yeye mwenyewe. Kasema nije nikibebe."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Kasema wa kunishikia upande wa pili nitamkuta hapa hapa."

Nilisimama pale mlangoni nikimtafakari yule mwanamke. Alikuwa amesikia habari zangu zote, moja baada ya moja, na bado amempa huyu. Nilitaka kufunga mlango. Lakini sharti nililijua, na kesi ilikuwa bado haijaisha. Madam angeweza kurudi, nami nikawa sina hata pa kuazima. Nikashika upande wa kasuku. Yeye akashika miguuni. Godoro tuliliviringisha tukaliweka katikati.

Mtaa mzima ulikuwa umekaa nje kupunga hewa.

"Jamani, hawa wanarudiana au wanahama?" aliuliza Farides.

"Wanagawana," akajibu Aníbal kinyozi, mkasi ukiwa hewani na mteja wake kageuza shingo atuone. "Mke kachukua kichwa, mume miguu. Mtoto ni wa katikati."

"Kaanga vitu vyako, Farides, vinaungua," nilisema.

"Viache viungue, mama Yane. Sinema hii haiji kila siku."

Eberto alikuwa anatembea kinyumenyume, anajikwaa. Tulipofika kona tukakitua. Akajifuta jasho kwa kofia.

"Luz, Yane hutaka mito mingapi?"

"Kwa nini?"

"Wakili kasema madam atauliza mambo ya mtoto. Na Jumatano usiku nitamlaza kwa mama, ili madam amkute asubuhi. Nataka ajisikie yuko kwake."

Hapo ndipo nilipobanwa. Nikinyamaza, Eberto atasimama mbele ya madam kama mtu aliyeulizwa habari za mtoto wa jirani, na mimi nitabaki na binti yangu. Lakini nikinyamaza, Yane atalazwa usiku kucha juu ya lile godoro, kwa watu wasiojua. Bi Otilia ana usingizi wa gogo. Nilikitazama kile kitanda katikati ya njia nikakichukia, na aliyeniazima nikamchukia pamoja nacho.

"Usimlaze humu," nikasema. "Godoro hili linamziba kifua. Mtundikie machela, upande wa dirisha, kichwa kiwe juu. Akianza kukohoa muinue, mkalishe, msugue mgongo. Na maziwa usiku usimpe."

"Kifua kimeanza lini?"

"Siku aliyozaliwa, Eberto. Beba."

Alhamisi sikuona kilichotokea kule. Nilipiga ubao wangu wa kufumia mpaka mke wa jirani akauliza kama nina ugomvi na uzi. Ijumaa madam akaja tena, bila taarifa. Yane alikuwa amesharudi, mzima, anakula muhogo na jibini. Pale palipokuwa na kitanda palikuwa na sakafu tupu, na juu yake machela yake ya kila siku.

Madam aliitazama sakafu.

"Mama Yaneris, Jumanne uliniambia analala kitandani."

Nikamsogezea Yane sahani yake.

"Jana baba yake kanionyesha machela. Kaniambia mtoto halazwi kwenye godoro, linamziba kifua. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, mama yake kaniambia juzi, tulipokuwa tumebeba kitanda."

Niliona nimekwisha: mwongo mbele ya serikali, aliyekamatwa kwa maneno ya kinywa chake mwenyewe.

"Tuliambiwa mnataka kitanda, madam," nikasema. "Tungefanyaje?"

Akavua miwani, akaifuta. "Wale kasuku nimewaona nyumba nyingi za hapa. Nilidhani ndio mtindo wenu, kwamba kuna seremala mmoja anayewachonga. Mpaka nilipomkuta huyu aliyevunjika mdomo kwako na kwa bibi yake katika wiki moja."

Nilicheka, sikukusudia. Naye akacheka, kisha akajaribu kukaa kwenye machela, ikamgeuza karibu imtupe. Yane akamwambia, mdomo umejaa muhogo, "Kaa kwa upana, shangazi. Ukikaa hivyo inakumwaga."

Akakaa kwa upana. Akafungua karatasi mpya. "Haya. Nieleze kuhusu hicho kifua." Nikamweleza. Akauliza nani alimpeleka hospitali mara ya kwanza, anaogopa nini, rafiki yake ni nani, akikasirika hujificha wapi. Kahawa iliisha, nikachemsha nyingine. Hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kuniuliza mambo hayo, na nilishangaa kuona ninayajua yote.

Hakimu alisema Yane abaki kwangu. Baba yake anamchukua kila Jumapili ya pili, na matunzo anatoa, ingawa huja nayo kama mtu anayeng'olewa jino. Kinachonisumbua hadi leo ni kitu kimoja. Yale maneno aliyomwambia madam, aliyasema kwa kuwa ni kweli, au aliyasema ili anitie mikononi mwa madam? Au hakuwaza lolote, mdomo ulifunguka tu? Nimeishi naye miaka tisa na siwezi kukujibu. Najua tu kwamba machela ya Yane kule kwa Bi Otilia bado imetundikwa upande wa dirisha.

Siku moja nilikwenda kwa Bi Nicanora nikiwa na hasira iliyokwisha kupoa, kilichobaki ni udadisi.

"Mbona ulimpa na yeye?"

"Aliomba."

"Unajua alivyonitenda."

"Nitaachaje kujua? Umenisimulia mpaka uzi wangu unakifahamu kisa." Akapiga ubao. "Mmoja wenu akiwa nacho na mwingine hana, wataandika kitanda, wataondoka. Wote mkiwa nacho, itabidi waulize kitu kingine."

"Na kutubebesha mimi na yeye pamoja, je?"

"Ni kizito," alisema.

Nikangoja. Akaniomba uzi wa bluu. Nilipomsogezea akaanza kusema, macho yako kwenye fremu. Alikuwa na mtoto, Alcides, wa miaka sita. Kwa baba kulikuwa na kitanda, kwake machela. Wakaandika. Baba akaenda na mtoto Maracaibo, ng'ambo ya mpaka. Yeye akafuma, akauza, akamwendea seremala atengeneze kitanda, akasema mchongee kasuku maana mwanangu anawapenda. Akakipakia juu ya punda akakipeleka hadi mlango wa mahakama. Huko ndiko kasuku alikovunjika mdomo, alipogongwa ukutani.

"Wakasema nini?"

"Kesi imefungwa. Na punda asisimame pale."

"Hawakukuuliza kitu kingine? Hata siku ile ya kwanza?"

"Hawakuuliza."

Alipitisha uzi, akaupiga. Nilitaka kujua jambo moja tu zaidi. "Alcides akija kukutembelea, hulala wapi?"

"Kwenye machela. Ana mvi sasa. Anasema kitanda kinamuumiza mgongo."

Kivuli kikaingia mlangoni. Kijana mmoja wa mtaa wa chini, shati limechomekwa vizuri, anazungusha kofia mikononi.

"Shikamoo, Bi Nicanora. Nimekuja kuhusu kitanda. Madam anakuja kwangu keshokutwa."

"Kiko kwa mkeo," alisema Bi Nicanora bila kugeuka. "Nenda peke yako."