Mume Wangu Bado Anaamua

Alinikuta nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, mtoto kaning'inia shingoni, na wageni wa mama mkwe washafika ukumbini wanangoja wali. Mume wangu akasimama mlangoni mwa jiko, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule.

"Mke wangu, nambie kweli. PhD yataka subira. Waniona mimi n'na subira?"

"Unayo tele. Wafaa. Nenda."

Akatikisa kichwa, taratibu, kama anayemhurumia mtu. "Hujui uzito wake. Mtu aliyeishia kidato cha nne hawezi kulipima jambo hili."

Sikumbuki kuirusha ile nusu ya nazi. Nakumbuka ilivyogonga ukuta karibu na sikio lake, na nazi niliyokwisha kuikuna ilivyomwagika sakafuni mtoto akaishukia kuila. Mama mkwe akaita, "Kuna nini huko jikoni?"

Nikajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mwanao yuwaamua!"

Kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kufundisha historia sekondari kulikuwa kwa kupitisha wakati. Kazi yenyewe ilikuwa kuamua kama anafaa kusoma PhD. Profesa wake wa zamani alikuwa amemwandikia kwamba nafasi ipo, aje tu. Alipoanza kuamua, mtoto wetu alikuwa hajatambaa. Sasa mtoto anatafuna mahamri, anatukana, na babake bado anaamua.

Jioni aliamua barazani, chini ya dirisha letu, na wanaume wenzake na mwuza kahawa. Mimi nikiwa juu naanika nepi, nawasikia.

"PhD yataka mtu asiyependa watu," asema mmoja. "Wewe wapenda watu mno."

"Yataka mtu wa kushika jambo moja asiliache," asema mwengine. "Wewe feni ya mamako uliifungua mwezi wa Mfunguo Mosi, hadi leo iko vipande."

Wakacheka. Naye akacheka nao, akaagiza kahawa nyengine. Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa. Kule kuamua kulikuwa kutamu. Hajashinda, hajashindwa, na kila apitaye anamwamkia kama mtu atakayekuwa mkubwa kesho.

Ndani ya nyumba kulikuwa na istikhara. Ni sala njema, kila mtu wa kwetu anaijua: una jambo zito, unasali rakaa mbili, unamwomba Mola akuelekeze kwenye kheri, kisha unafuata moyo wako unapotulia. Yeye aliisali, akalala, akaamka akasema moyo haujatulia. Akairudia. Akairudia tena. Kila nilipotaka kusema, aliinua kidole. "Nimo katika istikhara." Nani atabishana na mtu aliye baina yake na Mola wake? Maalimu wa msikiti wetu alimwambia waziwazi kwamba istikhara si mahali pa kujificha. Mume wangu akasema atalifikiria hilo pia.

Ingekuwa ni yeye na moyo wake tu, ningenyamaza. Lakini na mimi nilikuwa na jambo langu.

Babangu, karani wa shehena kule bandarini Mbaraki, hakuniozesha kama anayetoa gunia. Siku ya nikahi, msikitini, kabla ya kuutoa mkono wangu, alitia sharti kwa mdomo wake: mtoto wa kwanza akiachishwa ziwa, binti yangu ataingia chuo cha ualimu. Bwana harusi akajibu, "Nimekubali," watu wakasikia. Mashahidi wawili walikuwepo. Mmoja wao ami yake mwenyewe.

Mtoto akaachishwa ziwa. Nikaomba chuo, nikapata. Nikamwonyesha barua.

"Ngoja kidogo," akasema. "Nikienda PhD, mtoto ataachwa na nani? Nisipokwenda, hapo wewe utakwenda. Wacha niamue kwanza."

Nikangoja. Nafasi ile ikapewa mwengine. Nikaomba tena mwaka uliofuata, nikapata tena, naye akanijibu maneno yale yale kwa sauti ile ile, kidole juu.

Na la kuniudhi kuliko yote ni kwamba anafaa! Sikumwambia wafaa ili aniondokee jikoni tu. Nilimwona kwa macho yangu. Tulimpeleka mtoto kutembea Ngomeni, ile ngome ya kale, mume wangu akaona ukutani michoro ya majahazi iliyochorwa zamani na askari waliokuwa wakilinda. Akainama pale. Nani alichora hii? Alikuwa na hofu, au amechoka kungoja? Mbona hili lina tanga moja na lile matatu? Alikuwa akijisemea, hatuoni. Mtoto analia, mimi nina njaa, mvua imeanza, yeye yuko pale na pua yake ukutani hadi mlinzi akaja kutuambia wanafunga. Nikasema moyoni, mtu kama huyu asiposoma, nani asome? Usiku wake nikamwambia hivyo hivyo. Akaniambia nimeghafilika na mapenzi.

Basi nazi ile ilipogonga ukuta, niliwapakulia wageni wali wao, nikamwosha mtoto, nikavaa buibui. Kwetu malalamiko yana ngazi zake. Hupandi ya juu kabla ya kuikanyaga ya chini. Nikaenda Makadara, dukani kwa ami yake, anakouza magodoro.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Sharti la babangu, ulilisikia au hukulisikia?"

Akajifanya anapanga mito. "Nililisikia. Lakini mwanamke ni subira, mwanangu. Mumeo ana jambo kubwa kichwani."

"Na mimi n'na kichwa, ami."

"Mngoje. Ataamua."

"Na akiulizwa na kadhi, ami, utasema ulilisikia?"

Akaacha mito. Alikuwa mtu wa kuswali safu ya mbele. "Nitasema. Siwezi kuukana ushahidi."

Hilo lilinitosha. Asubuhi yake nikawa kwa kadhi, mbele ya karani mwenye miwani aliyekwisha kuzoea machozi ya wanawake. Mimi sikuwa nayo.

"Bwana akupiga?"

"La."

"Akunyima chakula?"

"La."

"Ana mke mwengine?"

"Angekuwa naye ningejua nagombana na nani. Ana PhD."

Akainua macho. "Mashaallah. Ameipatia wapi?"

"Hajaipata. Hajaianza. Yuwaamua."

Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Bibi, hili sina mahali pa kuliandika. Nenda nyumbani, mzungumze."

"Nipe karatasi. Nitaliandika mwenyewe. Nimeishia kidato cha nne, lakini huko kuandika walitufunza."

Akanipa. Nikaandika nimesimama, na karatasi ile ilipokewa na kugongwa muhuri:

"Kwa Mheshimiwa Kadhi. Assalamu alaykum. Mimi ni mke wa ndoa ya halali. Simshtaki mume wangu kwa kunipiga wala kuninyima riziki, na sitaki talaka. Namshtaki kwa kuvunja sharti alilolikubali siku ya nikahi, kwamba mtoto wetu akiachishwa ziwa nitaingia chuo cha ualimu. Mtoto ameachishwa. Shahidi yuko hai, yuko tayari. Mume wangu ananizuia kwa sababu hajaamua kama anafaa kusoma PhD. Mimi naona anafaa, nimemwambia, hakunisadiki. Hilo ni lake na Mola wake. Naomba aitwe kabla chuo hakijafunguliwa na nafasi yangu ya pili haijapotea, aulizwe mbele yako neno moja tu: ulikubali au hukukubali? Swali hilo alikwisha kulijibu msikitini, wala halina istikhara."