Kikulabu Nilichokipiga Tupa

Siku niliyokaribia kumuua Mama Boke bado naikumbuka, mwanangu, na ninakusimulia kwa sababu jana nilikuona ukilinganisha vyuma kwa picha ya simu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi wa pili kwenye karakana ya bunduki ya marehemu Fundi Bakari pale Mugumu, na kichwa kilikuwa kimenivimba kweli. Mzee Mwita wa Machochwe akaleta bunduki yake ya kale ya mitutu miwili, ya kufukuzia nyani kwenye mahindi. Ndani, kikulabu kimoja kinachoshika nyundo kilikuwa kimevunjika. Sisi tulikuwa na nyingine mbovu, ya kiwanda hichohicho na nakshi zilezile, ila yetu ilikuwa ya bodi kubwa, kile chuma cha kati kinachobeba mitambo, na ya Mwita ya bodi ndogo. Nikatoa kikulabu cha ile kubwa, nikakipiga tupa kidogo, kikaingia. Nikajaribu, nyundo ikashika vizuri.

Fundi alikuwa ameenda kuswali adhuhuri. "Mura, kijana wangu, umenifaa," Mzee Mwita akaniambia, akaondoka na mkewe.

Fundi aliporudi akaona unga wa chuma mezani. Akaona na ile bunduki yetu kubwa imefunguliwa, haina kikulabu. Akatoka mbio na kobazi zake, mtu mzima yule, nami nyuma yake hadi stendi.

"Mzee Mwita, naomba bunduki. Kuna kitu sikukimaliza," akasema, kana kwamba kosa ni lake. Akahakikisha ni tupu, akavuta nyundo nyuma, akagonga kitako chini taratibu tu. Nyundo ikaanguka yenyewe.

"Na mimi ndiye ninayetanguliaga njiani, mbele ya mtutu," akasema Mama Boke, mkewe. Nikaibeba bunduki kuirudisha karakanani.

Tuliporudi, Fundi hakunigombeza, ingawa ningefurahi angenichapa. Alichukua kikulabu kizima cha upande wa pili wa bunduki ya Mwita, na kizima cha ile kubwa, akavikandamiza kwenye mche wa sabuni. "Fumba macho, pitisha kucha kwenye alama zake." Kwa macho vilikuwa mapacha. Kwa kucha, jino la kile kikubwa lilizama zaidi na kulala upande.

"Ulichokula kwa tupa ndicho kilichokuwa kinashika," akasema. "Hukutengeneza, umeficha." Kisha akakaa nami siku mbili tukachonga kipya, akinicheka na kunimiminia chai. Nilimpenda sana mzee yule.

Kwa hiyo, mwanangu, usiamini kufanana. Vitoe vyote viwili, vipime mkononi, na kisipokuwa cha bodi yake chonga upya hata kama mteja amesimama mlangoni. Na ukikosea, mkimbilie kabla hajapanda gari. Aibu ya stendi inaisha.

Kikulabu chenyewe hiki hapa, nimekitunza miaka yote, sasa kaa nacho wewe. Mungu aibariki mikono yako, na kila atakayetoka kwako na bunduki begani afike kwake salama, mke wake akiwa bado ametangulia.