Nilivyomtafsiria ndugu yangu neno "carrier"

Wakuu, natumai mko poa huko mliko. Wenye wananijua hapa wanajua mimi huongeza chumvi. Leo nimejaribu kuiacha nyumbani. Ikiniponyoka mahali, mtavumilia.

Nianze na upuzi ambao niliuamini kabisa, kwa miaka.

Hapa kwetu Ikutha kulikuwa na maneno yanazunguka soko la mbuzi, ati kuna watu wanaitwa carrier. Ugonjwa wa ini unaingia kwao lakini hauwagusi. Wanaubeba tu, wanapelekea wengine. Na ati ini la mtu kama huyo limekuwa sugu, hata akinywa sumu ya panya atapiga tu mwayo aendelee na shughuli.

Niliamini. Niliamini kushinda hata wenye waliitunga.

Sasa mjue mimi ni nani. Nilimaliza Form Four kwa night school nikiwa na miaka thelathini na nne, desk moja na mzee mwenye wajukuu. Nikapata C plain. Nyumbani ikawa ni kama nimerudi kutoka mwezini. Barua ikija, naitwa. Dawa ikiandikwa Kiingereza, naitwa. Ndugu yangu mkubwa, Mutua, akaanza kuniita Prof, na boma yote ikamfuata.

Mutua alikuwa ananunua kuku huku Ikutha, anawatia kwa tenga, anafunga nyuma ya pikipiki na kwenda kuwauza Kambu, pale kwa highway. Alikuwa anabeba kuku mia mbili kwa safari moja.

Sawa, arobaini.

Siku moja watu wa kutoa damu wakakuja kanisani kwetu. Mutua akatoa, akapewa soda na biskuti. Baada ya wiki chache akapigiwa simu aende hospitali. Nikaenda naye, si mimi ndio mwenye Kiingereza.

Daktari alikuwa kijana, na foleni imefika mpaka gate. Akaongea haraka haraka. Chronic hepatitis B. Carrier. No symptoms. Arudi baada ya miezi sita apimwe ini, na asiache kurudi. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu ameelewa yote.

Tulipotoka, Mutua akasimama kando ya pikipiki yake.

"Prof, niambie na Kikamba. Hii kitu itaniua?"

Macho yangu yakaangukia ile chuma ya nyuma ya pikipiki, pale anafunga tenga. Hiyo sisi tunaiita keria. Wakuu, ilinijia kama ufunuo.

"Haikuui," nikamwambia. "Wewe ni keria. Umewahi kuona keria ikila kuku?"

Alicheka mpaka akashikilia kiti cha pikipiki. Kurudi baada ya miezi sita, nilimwambia hiyo ni hospitali kupenda kuona watu. Ile card tukaiweka ndani ya Biblia ya mama, na hapo ikakaa miaka sita.

Miaka hiyo yote Mutua alikuwa na nguvu kama trekta. Hapo siongezi. Ndio maana hakuna mtu aliwahi kuniuliza mara ya pili.

Halafu akaanza kuchoka. Safari ya Kambu ikawa mara moja kwa wiki, badala ya tatu. Tukasema ni ulcers. Miguu ikavimba, tukasema ni kukaa sana kwa pikipiki. Tumbo likaanza kujaa na mikono inakonda.

Bibi yake, Kanini, ndiye aliuliza kama hii si ile maneno ya ini. Mimi nikamkatiza. Nikamweleza pole pole, kama mwalimu, kwamba carrier hawezi kuugua ini, hiyo haiwezekani kisayansi. Nilitumia hilo neno, kisayansi. Kanini akarudi jikoni.

Nikaenda mwenyewe mpaka Zombe kumletea dawa ya miti, chungu ajabu. Alikunywa wiki tatu. Macho yakageuka manjano.

Tulipomfikisha hospitali kubwa, scan ilionyesha ini limekuwa makovu matupu, na uvimbe juu yake. Walisema wanaweza kumtoa maji ya tumbo apumue vizuri. Zaidi ya hapo, tumechelewa.

Nikakaa kando ya kitanda. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo inanimaliza mpaka leo.

"Prof," akaniambia, "keria imepinda."



Kwa mazishi mimi ndiye nilipewa eulogy nisome, kwa sababu ndiye msomi. Nilisoma bila kukosea hata neno moja.

Baadaye familia yote ikapimwa. Kanini hana, akadungwa chanjo. Watoto wao wako sawa. Mimi ninayo. Walisema huenda mimi na Mutua tuliipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Ini langu limeshaanza kuvimba, na mimi sikuwa nasikia chochote. Sasa nameza tembe kila siku na narudi kupimwa kila nikiambiwa.

Wakuu, usipoelewa neno la daktari, uliza tena, hata kama foleni yote inakuangalia. Na kama kuna card kwa Biblia ya mtu huko kwenu, itoeni leo. Mwenye amepitia hii aandike hapo chini. Mwenye anataka kunitukana pia nafasi ipo, sitajibu.

Siku nilipopewa majibu yangu nilimsimulia sista wa hospitali, mama wa makamo, hiyo hadithi yote ya keria. Nilidhani atacheka. Akaweka kalamu chini.

"Carrier si mtu ugonjwa umempita," akasema. "Ni mtu anao. Virusi vinakaa kwa ini lake, vinaliharibu polepole, miaka mingi, na yeye hasikii kitu. Ndio maana ndugu yako aliambiwa arudi."