Muhogo Mzima Tulioutia Moto

Kazi iliyonitia kinyaa kuliko zote nilizowahi kufanya ni ile ya kuchoma muhogo usio na kasoro hata moja.

Nilikuwa msaidizi kwenye shamba la majaribio upande wa Sengerema, ndani ya uzio wa seng'enge. Humo ulipandwa muhogo uliobadilishwa vinasaba ili usishikwe na ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Majaribio yalipoisha, amri ilikuwa tung'oe kila shina, tulitupe shimoni pamoja na mizizi yake, tuteketeze vyote. Mizizi ilikuwa minene, ukiivunja ni myeupe pee. Tukaimwagia dizeli. Moto ulipokolea ikaanza kunukia kama muhogo wa kuchoma wa kando ya barabara pale Igoma, na tumbo langu, bila haya, likanguruma. Nikatema mate chini.

Wanawake wa kijijini walisimama nje ya uzio wakitutazama. Mmoja wao alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, ndiye aliyenilea. Muhogo wake ulikuwa umeoza ukiwa ardhini, msimu wa tatu huo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akaomba pingili moja tu ya shina akapande.

Kwetu pingili hanyimwi mtu. Ukivuna unaacha miti ya muhogo pembeni mwa shamba, apitaye anachukua anayotaka. Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyotufikia sote. Tuligawiana kwa upendo kabisa. Na ndiyo maana nilimnyima. Nilijua pingili ile moja ingekuwa imefika Geita baada ya misimu michache tu, na hakuna ambaye angeweza kuirudisha kama ingeonekana ina madhara. Nikamweleza kwamba muhogo huu bado haujathibitishwa, kwamba ni lazima tusubiri teknolojia iliyo salama zaidi. Niliyaamini maneno hayo. Nayaamini hadi leo, na bado nikiyakumbuka yananitia kinyaa, kwa sababu niliyasema huku nimeshika dumu la dizeli.

Mama mdogo hakubishana. Aliuliza tu, "Na huu ninaokula mimi, mwanangu, nani aliupima?"

Akaniambia nikimaliza kazi nipite nyumbani nile.

Nilimkuta anamenya. Kila mzizi alioupasua ulikuwa na madoa ya kahawia, mengine makavu kama kutu, mengine yamelainika yanatoa maji yanayonuka. Alichokonoa sehemu mbovu kwa ncha ya kisu, na kilichobaki, ambacho kilikuwa kidogo mno, akakitia kwenye ndoo ya udaga, muhogo unaovundikwa kabla ya kuanikwa na kusagwa. Unga tuliokuwa tunakwenda kuula ulitokana na mizizi ya namna hiyo hiyo. Aliusonga, akautenga na dagaa. Ugali ulikuwa wa kijivu, na ule uvundo ulikuwa umo ndani yake, haukufichika hata kwa mboga.

Nilinawa, nikamega, nikaviringa tonge. Nililiinua hadi mdomoni. Mimi, niliyekuwa nimetoka kumhubiria habari za usalama, nikalirudisha sahanini nikasema nimeshiba, nilikula kazini.

Aliivuta sahani yangu upande wake, akalichukua lile tonge nililokwisha kuliviringa, akalila.