Nyota Iliyooshwa Usoni

Katika saluni ya wanaume ya Athanas pale Runzewe, Justa ndiye anayeosha nyuso. Mteja akishanyolewa ndevu anahamia kwenye kiti chake, anafunikwa taulo ya moto, anasuguliwa, anapakwa. Wengi wanamwita dada wa skrabu na wanadhani kazi yake ni kupapasa watu. Akisikia hivyo hukunja uso, nao hucheka na kusema Mama Violeth, kama wanavyomwita kwa jina la mwanawe, ana hasira za karibu. Ni kweli anazo. Ukikaa miaka mitatu na Athanas na kopo lake, na wewe utakuwa nazo.

Kopo lenyewe lina skrabu ya chengachenga, na pembeni yake kuna chupa ya spiriti. Basi, hiyo ndiyo hospitali nzima. Mwenye ngozi kavu inayochanika pembeni mwa mdomo, skrabu. Mwenye uso unaovuja mafuta saa nne asubuhi, skrabu. Mwenye vipele vibichi vya ndevu, skrabu halafu spiriti, na akiruka kwenye kiti Athanas anafurahi, kwa sababu wateja wake wa machimboni wanaamini kwamba wakiunguzwa ndipo wamehudumiwa.

"Uso ni uso, Mama Violeth," humwambia. "Hapa hatufanyi utafiti."

Neno hilo linamchoma Justa, na anayo sababu. Kwao ni Kishapu, ambako upepo wa kiangazi hukausha ngozi mpaka ikapauka, na mama yake aliwapaka watoto wote samli asubuhi na jioni. Justa ana ngozi kavu, akanawiri. Mdogo wake Paskalina alikuwa na ngozi ya mafuta. Samli ikamziba, akaota chunusi paji zima la uso. Nyumbani wakasema hanawi. Majirani wakasema anawaza wanaume, msichana wa miaka kumi na minne. Paskalina akaanza kujisugua kwa sabuni ya unga ya kufulia mpaka akatoka damu, na kila alipojisugua mama alimwongezea samli, kwa mapenzi kabisa. Makovu anayo hadi leo na picha hapigi. Katika boma lile lote hakutokea mtu mmoja wa kusema kwamba uso wa mtoto huyu si kama wa dada yake. Justa hajawasamehe, mama yake akiwemo.

Kwa hiyo yeye utafiti anaufanya. Humnawisha mteja kwa maji ya uvuguvugu, humwacha nusu saa bila kumpaka kitu, Athanas akinung'unika kwamba kiti kimekaliwa bure. Kisha hubandika kipande cha tishu pajini, puani na mashavuni. Tishu ikilowa mafuta kote, hiyo ni ngozi ya mafuta, haihitaji kuongezewa mengine mazito. Ikilowa pajini na puani tu, ni mchanganyiko, na mashavu yasitendewe kama paji. Ikitoka kavu na mteja analalamika kwamba uso unamvuta, huyo apakwe mafuta ngozi ingali na unyevu. Halafu wapo wenye ngozi nyepesi, ambao ukiwagusa tu wanawashwa na kuvimba. Hao hawasuguliwi kabisa. Mambo haya kajifunza kwa vidole vyake, na kwa kuwauliza wauguzi bila aibu.

Jumamosi moja alikuja Maige, kijana wa Tinde, mchimbaji mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kwa ubia na wenzake watatu. Alimwamkia Justa shikamoo, akaeleza kwamba anakwenda ukweni. Usoni alikuwa na kitu cheusi chenye mafuta. Justa alimnawisha taratibu, na chini ya ule weusi akakuta ngozi nyembamba inayobanduka, mashavu mekundu, chini ya macho pamekuwa kama pameungua. Alikataa kuigusa skrabu. Alimpaka mafuta ya mgando kidogo, akamwambia aupumzishe uso wiki mbili asipake kitu kingine chochote. Athanas alimfokea kwa kumnyima mteja huduma.

Alhamisi Maige akarudi na wenzake. Saluni ilikuwa imejaa. Safari hii hakuamkia mtu.

"Huyu mama ameniosha nyota," alisema. "Ile ilikuwa dawa ya mganga, nimekatazwa kuiosha siku arobaini. Nilidhani atanipaka mafuta tu. Tangu Jumamosi duara limekufa gete, kabisa. Tunatoa mawe matupu."

Justa alisubiri Athanas amtetee. Athanas alipuliza nywele kwenye mashine yake, akaiweka chini.

"Mama Violeth, omba radhi. Na utoe kuku mweupe waende naye kwa mganga. Hutaki, kusanya taulo zako uende."

"Niombe radhi kwa kumnawisha mtu uso?"

"Kwa kumharibia mwenzio."

Justa alitupa taulo kitini. Miaka mitatu ameponya nyuso ambazo bosi huyu huyu aliziunguza, na leo anafukuzwa kwa ajili ya kuku. Alimgeukia Maige, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

"Nyoosha mkono wako. Uweke hapa shavuni. Hebu jamani tazameni, mkono na uso vya mtu mmoja vinafanana hivi? Mganga alikuambia usipigwe jua?"

"Ndiyo."

"Wiki ya kwanza uling'aa, watu wakakuambia nyota imewaka?"

"Walisema, mayo," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Hiyo ni krimu ya kujichubua, imechanganywa na masizi. Niliinusa Jumamosi, harufu yake naijua. Umejichubua, baba. Una ngozi nyepesi isiyostahimili hata taulo, na wewe umeipaka mkorogo."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Onesmo, mchimbaji mwenye mdomo kuliko wote, akauliza bibi harusi anaolewa lini. Maige aliinamisha kichwa, akatoka, kiganja kimefunika shavu, na hata wenzake walimfuata wakicheka. Justa alikiangalia kile kiganja, akamkumbuka Paskalina anavyojificha watu wakitoa simu za kupiga picha. Hasira zikamgeukia mwenyewe. Alikuwa na haki ya kusema, lakini si ya kumwanika kijana wa watu namna ile.

Aliyekuwa hajacheka ni Athanas peke yake. Aliwaambia wateja kwamba mashine imegoma, akawatoa wote, akarudishia mlango. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha Justa, kiti ambacho hajawahi kukikalia hata siku moja. Kwa karibu Justa aliona: weusi umejikusanya chini ya macho, na kando ya masikio ngozi inabanduka.

"Maige mimi ndiye niliyempeleka kwa yule mganga," alisema kwa sauti ya chini. "Na mimi alinipa hiyo hiyo. Ya kuvuta wateja."

"Na ulitaka nitoe kuku."

"Nilijua ni dawa kweli, Mama Violeth. Niangalie uso basi. Unawaka, silali."

Mikono ya Justa ilibaki mifukoni mwa aproni. Alikuwa anajua la kumfanyia, na alijua pia kwamba akimfanyia sasa, kesho uso utakuwa uso na Maige atabaki kuwa bibi harusi wa Runzewe nzima.

"Kwanza twende kwa Maige," alisema. "Umwambie mbele ya wale wale waliomcheka kwamba na wewe unapaka. Mimi nina radhi yangu ya kumwomba, nitaiomba hapo hapo."

"Nitamwambia kesho."

"Basi na uso tutauangalia kesho."

Athanas alijitazama kwenye kioo. Kisha akainuka. Walivuka barabara hadi kwenye kibanda cha kahawa, ambako Onesmo alikuwa katikati ya watu akiigiza mwanamume anayejipaka poda, na Maige amekaa pembeni amewapa mgongo. Watu walipomwona Athanas wakamgeukia. Athanas akatafuta pa kupitia ili arudi.

Justa alikuwa amesimama nyuma yake. Alimsukuma mgongoni kwa ngumi, na wala si kwa upole.

"Sema," alimwambia.