Nilivuta Utumbo wa Mbwa Wangu

Wacha niseme ile ya aibu kwanza tumalizane nayo. Nilishika kambwa kangu mkia, nikashika kile kitu chekundu kilikuwa kimetokeza huko nyuma, nikavuta. Mara mbili. Nilidhani ni kipande ya matumbo ya mbuzi imekwama ikitoka. Ilikuwa matumbo kweli. Lakini ilikuwa yake.

Kazi yangu ni matumbo. Kila asubuhi naenda machinjio ya Kiamaiko hapa Nairobi, nanunua ya mbuzi, naosha, napelekea watu wa supu pale soko la Burma. Nimefanya hivyo miaka mingi, kwa hivyo kama kuna mtu Eastlands nzima anafaa kujua utumbo akiuona, ni mimi. Mabaki nilikuwa nalisha kambwa, mbichi vile vile. Sasa kichwani hesabu ilikuwa rahisi: ameingiza matumbo, anatoa matumbo. Shule niliachia Form Two, somo la biolojia tukiwa bado kwa panzi. Kwa mbwa hatukufika.

Dalili zilikuwa zimenipigia kelele siku tatu. Kambwa kanahara, halafu kanachuchumaa hapo mlangoni kwangu Mbotela kanajikamua mpaka macho inatoka, na hakuna kitu inakuja. Mbavu zinahesabika lakini tumbo ni kama mpira. Mimi nikaambia watu amenona.

Jumamosi asubuhi ndio nikaona hiyo kitu, kama soseji ndogo, ukubwa wa kidole. Nikavuta, akalia. Nikavuta tena. Ilipokataa kutoka, nikaenda kuchukua kisu cha kazi.

Jirani yangu, mama mmoja wa kutoka Vihiga, alikuwa anaanika nguo.

"Wewe! Unataka kufanyia huyo mnyama nini?"

"Natoa matumbo."

"Ya nani?"

Hilo swali sikuwa nimejiuliza. Akaacha nguo, akaja, akainama, akaangalia.

"Baba, hiyo ni mwili yake. Imegeuka inatoka nje. Nguruwe ya mamangu ilifanya hivyo. Weka hicho kisu chini. Ukikata, unazika."

Nikaweka kisu chini.

Akaniletea kitambaa safi amelowesha na maji, akasema nifunike hapo isikauke, na nisiache ajilambe. Nikakabeba kifuani mpaka kwa daktari wa wanyama, kitambaa mkononi, nikisalimia watu na kichwa. Kambwa kalikuwa kimya. Nilikuwa nimezoea kelele yake, hiyo kimya ndio ilinitisha.

Daktari alikuwa msichana mdogo kuniliko. Akafunua.

"Imetoka lini?"

"Asubuhi hii."

"Bado ni nyekundu, tuna bahati. Ingekuwa nyeusi, hiyo sehemu ingekuwa imekufa. Lakini hapa kuna mahali imechubuka. Alijilamba?"

Kambwa kakaniangalia.

"Ni mimi. Nilivuta."

"Mara ngapi?"

"Moja." Akangoja. "Mbili, daktari."

Akaosha, halafu akachukua sukari akaimwagia pale. Nikadhani amechanganya hapo na chai. Kumbe sukari inavuta maji, ile uvimbe inashuka. Kweli ikashuka nikiona. Akamdunga sindano ya kulala, akapaka mafuta, akarudisha yote ndani na kidole, pole pole, halafu akashona kuzunguka kama mdomo wa gunia, akaacha nafasi kidogo ya choo. Akanipa dawa ya minyoo. Minyoo ndio ilikuwa imejaza hiyo tumbo, na kujikamua ndio kulisukuma utumbo nje.

"Matumbo mbichi hapana tena. Mpe chakula laini. Nyuzi natoa baada ya siku tano. Ikitoka tena, itabidi nimpasue, na vile amekonda, sijui kama ataamka."

Hizo siku tano sikuwa na maisha. Akichuchumaa, na mimi nachuchumaa nyuma yake naangalia. Watu wa ploti wanapita.

"Niaje?"

"Poa."

Hawaulizi zaidi. Siku ya pili kukatoka minyoo kama sahani ya tambi. Nilishika mikono yangu nyuma nisivute chochote.

Siku ya tano daktari akatoa nyuzi, akasema tungoje aende choo. Tukangoja, watu wazima wawili tukitazama makalio ya mbwa. Akachuchumaa, akafanya, akainuka. Hakuna kitu ilimfuata. Nikaenda nje nikajifanya naongea na simu.

Kesho yake pale Burma nikahadithia rafiki yangu anayechoma nyama kaunta ya karibu na watu wangu wa supu. Nilimwambia yote, mpaka kisu. Aligeuza mbavu kwa moto, akafikiria, akaniambia:

"Ndugu yangu, siku nikianguka hapa sokoni, wewe usinishike. Ita watu tu."