Mstari Niliokataa Kuuchora

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku yangu ya harusi, na mume wangu analijua hilo wala hanuni. Nilikuwa msichana wa kijiji cha Ndama, nimetoka chuoni kusomea upimaji, nikaajiriwa na kampuni ndogo iliyokuwa ikitengeneza ramani za pori. Si zile za kutundika ukutani. Hizi ziliingizwa kwenye GPS, vile vifaa vidogo vya kushika mkononi, ili mtu akiwa katikati ya vichaka atazame kioo na kujua maji yako wapi na apite wapi asipotee.

Kazi yetu ilikuwa kutembea. Tulizunguka mapori ya Kyerwa, upande unaoteremkia mto Kagera, tukirekodi kila njia, kila chemchemi na kila kivuko. Miguu ilivimba. Niliipenda kazi ile, sitakuficha.

Ramani ilipokaribia kwisha, lilibaki bonde moja ambalo hatukuwa tumelifikia. Kwenye picha ya setilaiti ulionekana mstari mweupe unaoshuka kutoka kilimani hadi mtoni. Msimamizi wetu, Bwana Mashauri, akaniambia mbele ya wenzangu, "Jovina, chora hiyo njia tufunge kazi. Wateja wanasubiri."

"Sijaikanyaga, bwana," nikamjibu. "Naomba twende tukaione kwanza."

"Picha imekuonyesha. Kama umechoka, sema umechoka."

"Sijachoka. Siwezi kumpeleka mtu mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika."

Bwana Mashauri akainuka. Akaninyang'anya kifaa, akaniambia niende nyumbani nikapalilie migomba ya baba yangu. Mstari ukachorwa na mwingine.

Nyumbani maneno yalikuwa yamenitangulia. Majirani walisema binti wa watu kapata kazi ya maana akaipiga teke. Moyo wangu ukaanza kulegea. Asubuhi moja nikavaa gauni la kanisani, nikamuaga mama kwamba nakwenda kuomba radhi. Alikuwa amekaa chini anamenya ebitoke, zile ndizi zetu za kupika. Hakuinua macho.

"Unaomba radhi ya kosa gani?"

"La kubishana na mkubwa, mama."

"Mwana wange, mtu akiifuata hiyo njia akafa, radhi utamwomba nani? Kama unazo nguvu za kwenda hadi kwa huyo bwana, unazo za kwenda hadi huko bondeni."

Alinikemea hivyo tu, akaendelea kumenya.

Basi sikwenda kwa Bwana Mashauri. Nilikwenda kwa mkuu wa askari wa pori, kwa kuwa askari wake ndio waliokuwa wateja wenyewe, ndio ambao wangevishika vifaa vile. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamwita askari mmoja, Deusi, achukue bunduki na GPS yenye ramani mpya tuongozane.

Tuliufuata mstari. Mwanzoni ilikuwa njia kweli, pana, imekanyagwa vizuri, hata nikaanza kujiona mjinga. Kisha nikaona imechimbika mifereji miwili, na katikati nyasi zimesimama. Binadamu hatembei hivyo. Kinyesi kilikuwa kimetapanywa vichakani. Ardhi ikaanza kudidimia, mafunjo yakatuzidi kimo, na kioo bado kinatuambia tusonge mbele. Deusi akanishika mkono. Mbele yetu kitu kilikoroma.

Tulirudi kinyumenyume hadi nyuma ya kichuguu. Kiboko akatoka na mtoto wake, akasimama katikati ya hiyo iliyoitwa njia, masikio yakizunguka. Nilimwona Deusi akisali Salamu Maria kwa midomo tu. Baada ya muda mrefu yule mnyama akageuka, akarudi majini.

"Ningetumwa doria hapa peke yangu, ningekuja," Deusi alisema tulipofika kilimani. "Ningekuja kwa sababu ramani imesema."

Mkuu wake aliikataa ramani mpaka mstari ule ulipofutwa na bonde likaachwa wazi. Bwana Mashauri hakuniomba radhi wala hakunirudisha kazini, nami sikumbembeleza. Nilikaa muda mrefu nikichuma kahawa na kusikia wanaonicheka. Baadaye askari wale wale waliniita niwapimie maeneo mengine, na nimeyatembea mapori hayo hadi magoti yalipogoma.

Sasa sikiliza, mwanangu, wewe unayetaka kujifunza kazi hii. Watakuja watu wakutajie kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni methali nzuri, nami nimelea watoto kwayo. Lakini mkuu akikuelekeza shimoni, guu huvunjika kwa kusikia. Wahenga hao hao walisema njia ya mwongo ni fupi. Wangeongeza tu kwamba anayefika mwisho wake mara nyingi si mwongo, ni yule aliyemwamini. Usichore usipopita. Pale usipofika, acha peupe, na wakikutukana kwa sababu ya huo weupe, waache watukane. Wakubwa waheshimu, wasalimie, wapishe wapite, lakini usiwaazime mkono wako waandikie uongo. Ukifukuzwa kwa hilo, rudi nyumbani ukiwa umeinua kichwa. Mimi nitakupokea, na atakayekucheka nitamjibu mwenyewe.

Mungu akupe miguu imara na shingo isiyoinamia uongo. Uende, ufike salama, na kila atakayekufuata naye afike.